Mashine Hainyimwi

Kwetu Kagera ukimwambia mtu unauza mafuta, atakuuliza ya kula au ya taa. Baba yangu aliuliza hivyo hivyo. Nilipomjibu kuwa ni ya mitambo, oili na grisi za viwandani, alimwaga kahawa iliyobaki kikombeni, kisha akataka kujua kama kazi hiyo ina pensheni. Haikuwa nayo. Kazi yenye pensheni ilikuwa imenitoka miezi michache nyuma, pale karakana ya shirika la umma nilikokuwa fundi mchundo ilipofungwa, tukapewa mkono wa kwa heri na makabati ya vifaa yakapigwa lakiri.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, soko huria limeingia Mwanza kwa miguu yote miwili. Mashirika yanauzwa, viwanda vya minofu ya sangara vinaota kando ya ziwa, na watu binafsi wanaruhusiwa kununua pamba ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake. Kampuni moja ya vilainishi yenye makao Dar es Salaam ikafungua ghala dogo Igoma, kando ya barabara ya Musoma, ikatafuta ofisa mauzo wa Kanda ya Ziwa. Wanaume wengi waliomba. Nikapata mimi. Napenda kuamini ni kwa sababu nilisema kwenye usaili kwamba mteja mwenye shida lazima anionyeshe mashine, si risiti. Huenda pia ni kwa sababu niliridhia mshahara ambao wenzangu waliucheka.

Sharti lilikuwa moja na liliandikwa wazi kwenye barua ya ajira. Nipewe msimu mmoja wa pamba. Ndani ya msimu huo nipate angalau jineri moja, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, itie saini kuchukua mafuta yake yote kwetu. Nikishindwa, ghala linafungwa na mimi narudi Bukoba. Na kurudi Bukoba nilikujua. Ningekaa ukumbini kwa baba, wageni wakija ananitambulisha, "Huyu alikuwa Mwanza," na kila mtu anatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa radhi niuze mihogo ya kuchoma Igoma kuliko hiyo huruma.

Kwa hiyo nilitembea. Nilivaa suruali ya kazi na buti, jambo ambalo pale Mkolani nilikopanga liliwapa majirani mazungumzo ya wiki nzima. Niliingia kwenye mashine za kusaga, kwenye viwanda vya samaki, kwenye karakana za meli. Walininunulia soda wakaniagiza nirudi mwezi ujao. Mmoja aliniuliza mume wangu mwenye biashara anakuja lini. Nikamwambia yupo njiani, anakuja na wako.

Mwezi wa saba, kiwanda kimoja cha pamba upande wa Sengerema kikakubali kujaribu. Kilikuwa cha ushirika, sasa kimekodishwa kwa tajiri mmoja, na meneja wake alikuwa mtu wa maneno machache aliyekuwa akilia shida moja: beringi. Beringi ni ule mduara wa chuma wenye gololi ndani, unaoshika ekseli ili izunguke bila kusuguana. Zake zilikuwa zinaungua kila mara. Akachukua mapipa mawili ya grisi yetu. Nilivuka ziwa siku ile nikiimba, na mimi sijui kuimba.

Wiki tatu baadaye simu ikalia ghalani. Meneja akasema nije nichukue grisi yangu, ni maji matupu. Beringi tatu zimeungua, na ya tatu imewasha nyuzi za pamba. Walizima kwa mchanga. Kama upepo ungekuwa wa upande mwingine, alisema, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine. Kisha akakata.

Asubuhi yake nikapanda kivuko cha Kamanga. Njia nzima nilikuwa na hasira, na hasira ya mtu wa kwetu huvaa suti. Nilijua grisi yangu si maji. Nilikuwa nimeipima, nimeisugua kwenye vidole, nimesoma kila karatasi iliyokuja nayo. Niliingia kiwandani nimeinua kidevu, nikapita kati ya mashine, na nilichokiona kilinifanya nicheke kwa sauti. Kila beringi ilikuwa imefurika grisi. Ilikuwa inatoka pande zote mbili kama uji unaochemka, nyuzi za pamba zimenasa humo, zimeota ndevu nyeupe. Beringi iliyojazwa hivyo haipumui. Gololi zinahangaika kuisukuma ile grisi, zinachemka, na kando yake pamba inasubiri cheche tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo likinijia huwa nafumba macho.

"Nani anapaka grisi hapa?" niliuliza, wafanyakazi wote wakisikia. "Huku siyo kupaka, ni kumwaga. Hata mtoto wa darasa la pili angejua kiasi."

Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa nyuma ya mashine ya nne, ana bomba la grisi mkononi. Alisimama taratibu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mvi zimejaa vumbi la pamba. Baadaye nilikuja kujua kuwa aliingia pale kijana, akalilinda lile jengo katika miaka yote ya dhiki, na kwamba nusu ya vijana waliokuwa wanatusikiliza ni yeye aliyewafundisha kazi. Hakunijibu jambo la beringi hata moja.

"Binti," alisema, "mashine hainyimwi."

Akaweka bomba chini, akajifuta mikono, akatoka nje. Fundi mmoja akamfuata, na wa pili, na wa tatu, mpaka mashine zikazimwa na ukimya ukajaa mle ndani. Meneja alinisindikiza hadi getini yeye mwenyewe. Aliniambia kwa upole, na upole ule uliniuma zaidi, kwamba nshomile nisirudi tena. Nshomile ni jina la utani wanalotuita Wahaya kwa kupenda kujionyesha tumesoma. Kwa kawaida huwa nacheka nikiitwa hivyo. Siku ile halikuwa utani.

Mwenye nyumba wangu Mkolani alikuwa mama wa Kisukuma, mjane, mkali wa kodi na laini wa moyo. Alinikuta nimekaa mlangoni na buti miguuni. Nikamweleza yote, nikijitetea kila baada ya sentensi mbili. Nilisema nilikuwa sahihi. Nilisema beringi hazina umri wala heshima. Alinisikiliza akiwa anachambua dagaa, akanisogezea sinia la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nikachukua kipande nikakitafuna kwa uchungu.

"Ulimkosea wapi?" aliniuliza mwishowe.

Nikamwambia kiwandani, mbele ya watu.

"Basi ukamwombe radhi hapo hapo, na watu hao hao wawepo. Nyumbani kwake usiende. Ukienda nyumbani atakusamehe, maana ni mgeni wake, lakini kazini atabaki mtu aliyechekwa na mwanamke."

Nilimwuliza nikishamwomba radhi nitauzaje. Akasema hilo ni la kwangu, yeye hajui grisi.

Siku tatu nilizunguka na neno hilo. Dar walikuwa wameshatuma faksi wakiuliza mkataba uko wapi. Nilijua naweza kwenda kutafuta jineri nyingine, Magu au Geita, nikaacha yule mzee na mashine zake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na habari hizi husafiri kuliko kivuko. Jineri zote zinajuana. Na zaidi ya biashara, nilikuwa nasikia aibu. Niliiona kila nilipokumbuka alivyojifuta mikono.

Nikarudi saa ya kubadilishana zamu, wanaotoka na wanaoingia wakiwa pamoja uwanjani. Mlinzi alitaka kunizuia, nikamwambia sijaja kuuza. Nilimwendea mzee alipokuwa amesimama, nikapiga magoti kwenye vumbi la pamba, suruali na buti zangu zote, nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikasema kwa sauti ile ile niliyomtukania, kwamba niliongea naye kama mtu asiye na wazazi, kwamba wazazi ninao na walinifundisha, kosa ni langu, na kwamba naomba anisamehe mbele ya wale waliosikia. Magoti yaliniuma. Kuna kijiwe kimoja nakikumbuka mpaka leo. Aliniacha hapo muda wa mtu kufunga kamba za viatu, viatu vyote viwili.

"Marahaba," alisema. "Inuka, utachafuka."

Watu wakaanza kucheka, kicheko kizuri, na mmoja akasema nshomile ameshuka. Ndiyo, nilikuwa nimeshuka. Mzee akaniuliza nimekuja kufanya nini hasa. Nikamwomba anifundishe anavyofanya kazi. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lilinitoka tu. Meneja, aliyekuwa anatazama dirishani, akashusha pazia, na mimi nikachukulia hiyo ni ruhusa.

Wiki nzima nilimbebea mzee ndoo ya grisi. Nilivuka asubuhi, nikarudi jioni. Nilikuwa namsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, na yeye alikuwa anacheka matamshi yangu mpaka anakohoa. Alipaka kwa mkono wa mtu anayewapakulia wageni. Alikuwa anasukuma bomba mpaka grisi iteme pande zote, ndipo anaridhika, anaigonga beringi kidogo kwa kiganja, anakwenda nyingine. Ulimi hauna mfupa, lakini wiki ile niliutafutia.

Siku ya nne, tukinywa chai nyuma ya jengo, nikamwuliza zamani ilikuwaje, kabla ya soko huria. Akachangamka. Zamani, alisema, grisi ilikuwa nzuri. Siyo hizi zenu. Kopo moja dogo lilikuwa linakuja kwa msimu, na wakati mwingine halikuja kabisa. Alikuwa analifungia kwenye sanduku lake la nguo. Kila Jumatatu alikuwa anatia kidole, anaipa kila beringi kidole kimoja tu, huku akiomba Mungu. Na beringi zilikuwa zinakaa miaka. Msimu hata msimu. Hakuna iliyoungua.

Niliweka kikombe chini. Basi ndivyo. Shida ndiyo iliyokuwa inapima grisi kwa niaba yetu sote, na ilipima sawasawa. Soko huria lilipokuja na mapipa, mzee huyu, ambaye kwa miaka alikuwa akiona aibu kuzinyima mashine zake, alifanya ambacho kila Msukuma mwenye nyumba angefanya mavuno yakiwa mazuri. Alizilisha mpaka zikatapika. Hakuwa mzembe. Alikuwa mkarimu. Nami nilikuwa nimemcheka mtu kwa ukarimu wake.

Wangeniambia wiki iliyotangulia, ningesimama juu ya kiti nitoe hotuba. Sasa nikamwambia tu, "Mzee, nikuombe jambo moja. Mashine ile ya mwisho ilishe kama zamani. Kidole kimoja. Hizi nyingine endelea nazo. Tuone."

Akasema itakufa. Nikamwambia ikifa nitailipa. Sikuwa na uwezo wa kuilipa hata nikiuzwa mimi mwenyewe. Tukafungua beringi ile, tukaifuta grisi yote ya zamani, akatia kidole chake, kirefu, chenye ukucha mweusi, akaipa haki yake ya enzi za ushirika.

Siku ya pili mchana, mashine zote zikiunguruma, nikamwomba aje. Nikaweka kiganja changu juu ya beringi ya mashine ya nne, nikakitoa haraka. Yeye akaweka chake. Mikono yake ilikuwa migumu lakini naye alikitoa. Kisha tukaenda ile ya mwisho. Akaweka kiganja. Akakiacha. Akaendelea kukiacha. Nikaona uso wake unabadilika taratibu, kama mtu anayemkumbuka jamaa wa zamani kwa sauti kabla ya kumwona. Akarudi ya nne, akainamisha sikio, akasikiliza. Halafu akasema neno ambalo kampuni yetu yote, na karatasi zake zote, haikuwa imewahi kulipata.

"Imevimbiwa."

Akanieleza, na sasa yeye ndiye mwalimu na mimi mwanafunzi, kama ilivyopaswa. Kiangazi kikiisha, mvua ya kwanza ikaotesha majani mabichi, mfugaji mjinga hufungulia ng'ombe wale wanavyotaka, kwa sababu waliteseka. Tumbo linajaa gesi, ng'ombe anaanguka, anakufa na majani mdomoni. Mfugaji mwenye akili huwaacha wale kidogo, anawarudisha zizini wakiwa bado wanatamani. "Nimechunga tangu nikiwa uchi," alisema, "na bado nimeziua hizi." Macho yake yalikuwa na machozi, akasema ni vumbi. Nikasema ndiyo, ni vumbi, maana hata machoni mwangu lilikuwa limeingia.

Mchana ule ule alisimamisha mashine moja baada ya nyingine. Aliwaita vijana wake, akawaonyesha, akawaeleza habari ya ng'ombe. Hakusema nimemfundisha na mimi sikutaka aseme. Nilishika taa.

Basi kikaja kichekesho cha biashara yangu. Beringi ziliacha kuungua, moto haukurudi, kiwanda kikachambua siku nzima bila kusimama, na hawakununua grisi. Mapipa yale mawili yalikuwa yanatosha msimu na kubaki. Nilipeleka Dar taarifa ya mauzo ikiwa na sifuri safi, nikaambatanisha maelezo marefu. Faksi iliyorudi ilikuwa fupi. Bosi aliuliza kama nimeajiriwa kuuza au kuwazuia watu wasinunue, na akasema anakuja mwenyewe kufunga hesabu za ghala. Nilielewa. Usiku nilikunja nguo zangu, nikazikunjua, nikasema potelea mbali, nikirudi Bukoba nitarudi kichwa juu.

Bosi alishuka kwenye ndege na shati jeupe. Nikamwomba kitu kimoja kabla hatujafungua daftari lolote, aje Sengerema. Kwenye kivuko aliinua begi lake kila mara kulikinga na maji, na nilijua barua yangu ya kuachishwa kazi imo humo.

Meneja alitupokea mlangoni, akatupeleka moja kwa moja kwa mzee. Bosi, mtu wa pwani, alikuwa na adabu zake, akamwamkia. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya mzaha lakini akiwa na maana yake, kwa nini kiwanda kikubwa hivi kinakula grisi kama cherehani.

Mzee alimshika mkono, mkono ule wenye saa, akauweka juu ya beringi ya mashine ya nne iliyokuwa inazunguka kwa nguvu zake zote. Bosi alishtuka, akataka kuuvuta. Kisha akatulia. Ilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha maziwa. Walisimama hivyo, yule wa mvi na yule wa shati jeupe, na hakuna aliyeharakisha.

"Umesikia joto?" mzee aliuliza.

"Hapana."

"Kabla ya huyu hapa, ungekuwa umeacha ngozi." Akanigeukia. Mwanzo aliniita binti. "Mwalimu, leta bomba."

Nikampa. Alisukuma mara moja, taratibu, grisi ikaingia bila kutokeza hata tone, akafuta ncha kwa kidole chake kirefu. Kijana mmoja wa zamu akauliza kama aongeze. Mzee akatikisa kichwa.

"Acha," alisema. "Imeshiba."

Meneja ndipo aliposema aliyokuwa ameyaweka tangu wiki iliyopita. Anataka mafuta yake yote kutoka kwetu: oili ya majenereta, oili ya gia, ya malori, kila kitu kinachozunguka, siyo msimu huu tu. Na wenye jineri wawili wa upande wa Geita, ambao mzee alikuwa amekwenda kwao Jumapili kwa baiskeli kuwaambia habari za ng'ombe kuvimbiwa, wanataka nije. Mzee hakuwa ameniambia kuwa alikwenda. Nilipomtazama alikuwa anajifuta mikono kwa makini.

Tulirudi na kivuko cha jioni. Bosi alikaa karibu na ukingo, begi liko sakafuni sasa, likirushiwa maji na yeye hajali. Katikati ya ziwa alifungua zipu, akatoa bahasha yenye jina langu, akaiangalia, akaniuliza kama nataka kuisoma.

Nikamwambia hapana, nimeshiba.